Gemu ya mkononi kwa shilingi elfu saba: ninunue ipi?

Swali: Salaam aleikum, fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Mkubwa ni mvulana wa miaka 11, dada yake ana miaka 8. Simu yangu sasa ni yao. Nikiitaka kutuma M-Pesa napewa ikiwa na chaji asilimia tatu. Nataka kuwanunulia gemu ya mkononi isiyoingia intaneti. Nimeweka kando shilingi 7,000. Mwembe Tayari nimeona moja imeandikwa ina michezo 400, wanataka 1,300. Nyingine inaitwa R36S, muuzaji anasema ina michezo 15,000, bei 4,500. Na jirani ana PSP ya Sony iliyotumika, anataka 6,500. Niagize China, au ninunue hapa? Tena baba yao ana Brick Game ya utotoni mwake, ile ya kupanga matofali, imekufa. Yafufulika?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Chukua R36S, ila uipime kwanza papo hapo dukani kama nitakavyokueleza. Ile ya 1,300 mchukulie binti, kwa sababu mashine moja kwa watoto wawili ni vita vya kila jioni. PSP mwachie jirani yako. Zote mbili zitakula 5,800, na hizo 1,200 zinazobaki usiziguse, zina kazi yake.

Sasa nikupe sababu, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Namba ya michezo iliyoandikwa kwenye boksi isahau kabisa. Nimezifungua mashine hizi nyingi mezani kwangu, na michezo 400 ukiichambua unakuta mmoja umerudiwa mara nyingi: hapa umepewa jina jipya, pale mchezaji amebadilishwa rangi ya shati, kule unaanzia hatua ya tatu badala ya ya kwanza. Zile 15,000 ndizo mbaya zaidi, maana humo mna michezo ya Kijapani ambayo mwanao hataweza kusoma hata neno la kuanzia, na matoleo matatu manne ya mchezo uleule. Mtoto wa miaka 11 atapata michezo mitano au sita ya kuipenda, basi, na hiyo ataicheza mpaka aiote.

Mimi nikishika gemu ya bei ndogo naangalia kitu kimoja: ikiharibika, naweza kuitengeneza hapa Mombasa kwa vipuri vilivyopo mjini? Betri yake inapatikana? Kadi yake inatoka? Batani zake zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida? Kwa sababu itaharibika, dada. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, watoto wana mikono ya mahamri, na stima ikirudi baada ya kupotea hurudi kwa kishindo.

Wala usidhani mashine hafifu ni mashine mbaya. Kampuni ya Nintendo ya Japani walipotoa gemu yao ya mkononi, Game Boy, mwaka 1989, kioo chake hakikuwa na rangi wala taa; kilikuwa na pikseli (nukta za picha) 160 kwa 144 na vivuli vinne vya rangi moja ya kijanikijani. Wapinzani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuwa na rangi na taa ya ndani, na dukani ukiziweka pamoja Game Boy ilikuwa inatia huruma. Lakini hizo mbili zilimeza betri sita za AA na kuzimaliza kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne na kwenda zaidi ya saa kumi. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeongoza kazi ile, alikuwa na imani yake: tumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha tia akili kwenye mchezo wenyewe. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi wa mwaka 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Hao wengine leo hutajwa na mafundi wazee kama mimi tu.

Kwa hivyo tuanze na ile ya 1,300. Ndani yake mna chipu ndogo inayoiga Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983 iliyotumia televisheni. Michezo ni ya zama hizo: kuruka, kupiga risasi, kupanga matofali, mbio za magari. Kioo cha inchi tatu, mwanga wa kutosha barazani lakini si juani. Kasoro yake kubwa ni kwamba haihifadhi ulipofikia. Ukizima, umeanza upya. Kwa mtoto wa miaka 8 si neno, yeye kuanza upya ndiyo raha yake; kwa huyo wa miaka 11 ni kilio.

Kinachonifanya niitetee ni betri. Nyingi ya hizi hutumia BL-5C, betri ileile ya Nokia 1100, mulika mwizi tuliyoijua sote. Kifuniko cha nyuma kinatoka kwa kidole, betri inachomoka, na nyingine unaipata kwa muuzaji yeyote wa vifaa vya simu za kabambe, kuanzia Kongowea hadi Likoni ukishuka feri. Ni chache gemu za bei kubwa zinazokupa urahisi huo. Hapo dukani mwambie muuzaji aifungue uione. Ikiwa ndani kuna betri ya kubandikwa kwa gundi yenye nyaya mbili zilizochomwa kwa risasi, iache, tafuta ya BL-5C. Na ukinunua betri ya akiba, soma kilichoandikwa: BL-5C ya kweli ni kama mAh (kipimo cha chaji inayobeba) 1,000 na kidogo. Iliyoandikwa 3,000 au 5,000 kwa ukubwa uleule ni uongo mtupu, na mara nyingi ni hafifu kuliko ile iliyosema kweli.

Tena inakuja na waya wa televisheni, ule wa vichwa vya rangi. Kama bado una TV yenye matundu ya manjano na meupe, chomeka uone. Kioo kikipasuka siku moja, mashine itakuwa bado na kazi.

Sasa R36S, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo pesa yako nyingi inapokwenda na ndipo udanganyifu ulipo.

Hii si mashine ya kampuni moja kubwa. Ni aina inayotengenezwa China na zaidi ya mkono mmoja, ina chipu iitwayo RK3326, kioo cha inchi tatu na nusu chenye pikseli 640 kwa 480, vijiti viwili vya kuongozea, na matundu mawili ya kadi za memori. Haina Wi-Fi ndani yake, na hilo ndilo ulilolitaka. Inaendesha programu zinazojifanya mashine za zamani: Famicom, Super Nintendo, Sega, Game Boy za aina zote, mpaka PlayStation ya kwanza, ile ya 1994. Hizo inazicheza vizuri, bila kukwama. Nintendo 64 na PSP inajaribu. Mchezo huu unakwenda, ule unakokota miguu. Muuzaji akikwambia inacheza PlayStation 2, huyo hajui anachokiuza au anajua sana.

Kioo ndicho kinachoniridhisha. Kwa bei hii miaka kumi iliyopita ungepewa kioo kinachogeuka cheusi ukikiinamisha. Hiki ni cha IPS, ukikitazama kutoka upande wowote rangi zinabaki palepale, kwa hivyo mmoja acheze na mwenzake aangalie kando yake bila kumsukuma.

Ukifika dukani, usikubali kuoneshwa boksi. Iwashwe. Ikichukua nusu dakika kuwaka usishtuke, ndivyo ilivyo. Tazama jina la mfumo linalotokea wakati inawaka: zilizo bora huja na mfumo uitwao ArkOS, na nakala za nakala mara nyingi huja na mwingine. (Najua, kusema "nakala" ya kitu ambacho chenyewe ni mwigo ni kichekesho, lakini tofauti ipo na utaiona kwenye ubora wa batani.) Fungua mchezo wa PlayStation, si wa Famicom, kwa sababu wa Famicom hata mashine mbovu huucheza. Ucheze dakika tano nzima muuzaji akusubiri. Sauti ikikatikakatika, rudisha. Kisha fungua mchezo wowote wa kupanga matofali na ubonye kile kibonye cha msalaba, kulia tu, kulia tu, mara nyingi. Tofali likishuka chini lenyewe wakati wewe umebonya kulia, kibonye kina hitilafu, na mtoto atakuja kukwambia "mama, imenidanganya", nawe hutajua anasema nini. Vijiti navyo vizungushe, uviache. Kinachosogeza menyu bila kuguswa kina ugonjwa tayari.

Halafu chaji. Chomeka uone taa inawaka. Hapa watu wengi hurudisha mashine nzima wakidhani imekufa, kumbe waya tu: R36S na ndugu zake wengi hazipokei chaji kwa waya wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili. Zinataka waya wa kizamani, upande mmoja kichwa kipana cha USB, upande wa pili C. Na chaja iwe ya kawaida ya volti 5. Chaja ya kasi ya simu ya baba yao isikaribie hapo.

Sasa zile 1,200 zako. Kadi ya memori inayokuja na gemu hizi ni ya ovyo, haina jina, na ndiyo itakayokufa kwanza, pengine kabla ya Ramadhani ijayo. Siku uliyonunua, hata kabla mtoto hajaizoea, peleka kadi kwa fundi au saiba akunakilie kwenye kadi mpya ya kampuni inayojulikana, yaani nakala kamili ya kadi nzima, si kuburuta mafaili kwa mkono, kwa sababu sehemu ya kuwashia imefichwa na haionekani ukiifungua kawaida kwenye kompyuta. Nasisitiza hili kwa sababu moja. Vioo vinavyotiwa kwenye R36S ni vya aina kadhaa, na kila aina ina faili lake dogo la kukiongoza. Kadi ikifa huna nakala, fundi atapakua mfumo mpya mtandaoni, atautia, na kioo kitabaki cheusi huku sauti inatoka. Hapo ndipo mashine nzima hutupwa kabatini. Kumbe lililokosekana ni faili moja, na lilikuwa kwenye ile kadi ya kwanza. Hata ukishahamia kadi mpya, ile ya zamani iweke kwenye bahasha, usiitumie kwa picha.

Kuna jambo jingine lazima niliseme kwa uwazi, maana nisipolisema nitakuwa nimekuficha. Ile michezo 15,000 karibu yote imejazwa humo bila idhini ya wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina kona iliyosema michezo ya zamani ni mali ya umma, na Nintendo hawana mchezo na jambo hili. Muuzaji ndiye mwenye kosa kubwa, lakini uamuzi wa kubaki nayo ni wako. Ipo michezo ya bure halali inayotengenezwa mpaka leo na watu wanaozipenda mashine hizi, na mingine waliyoitoa wenyewe bila malipo. Cave Story, kwa mfano, kazi ya Mjapani mmoja tu, Daisuke Amaya, aliitoa bure mwaka 2004, na matoleo ya R36S yapo. Hata hivyo pitia orodha kabla ya kumkabidhi mtoto. Kwenye lundo kama hilo hukosi michezo ya damu, na picha nyingine ambazo si za nyumba yenye adabu. Ifute. Kufuta ni kazi ya jioni moja, na orodha fupi mtoto huifurahia zaidi.

PSP nayo ni mashine nzuri, nisiseme uongo. Ilitoka Japani mwishoni mwa 2004, kioo kipana cha inchi 4.3, na michezo yake ya mpira na magari bado inapendeza. Ingekuwa wewe mwenyewe ndiye mchezaji ningekwambia tuzungumze bei. Lakini kwa 6,500, kwa watoto, hapana. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2014, kwa hivyo betri yoyote ya asili iliyobaki ina umri kama wa mwanao. Mwambie jirani afungue kifuniko cha betri: ikiwa kifuniko hakikai sawa, au betri imevimba tumbo, umeshapata jibu. Usiitoboe wala usiibonyeze. Lenzi yake ya kusomea diski za UMD huingia vumbi, na kadi yake si ya kawaida, ni Memory Stick Pro Duo, ingawa kuna kiunganishi kinachokuwezesha kutumia microSD. Sony nao waliacha kuuza michezo kupitia PSP yenyewe mwaka 2021. Akishuka mpaka 3,000 na betri iko laini na tambarare, hayo ni mazungumzo mengine.

Utakutana na majina mengine ukizunguka. Miyoo Mini Plus ni ndogo, imetengenezwa kwa ustadi kuliko R36S, na betri yake hutolewa kwa nyuma. Ukiiona kwa bei ya karibu na hiyo, ichukue badala yake, ila ina Wi-Fi na itabidi uizime. Anbernic RG35XX H ni imara na unaweza kuiunganisha na TV, nayo pia ina Wi-Fi. Nintendo 3DS iliyotumika usiiguse kwa sasa: duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, na michezo yake imefungiwa kwa eneo, ya Japani haichezi kwenye mashine ya Marekani. Switch Lite si ya bajeti hii, na mchezo mmoja wake waweza kukutoza zaidi ya R36S nzima.

Kuagiza China? Bei ya kwenye tovuti huonekana tamu, lakini ongeza usafirishaji, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, kisha subira, kisha uwezekano wa kupokea yenye kibonye kilichokwama na kuirudisha ukagharimika tena. Kwa tofauti ya mia chache, mimi hununua mahali ninapoweza kurudi kesho na kusimama mbele ya kaunta. Omba risiti, na muuzaji akuandikie kwa mkono siku alizokupa za kuibadilisha.

Zikishafika nyumbani, Bamburi na Nyali siku za pwani zibaki kabatini. Mchanga ukiingia chini ya batani unasaga mpira wa ndani, na mvuke wa bahari hugeuza vyuma vya betri kuwa kijani. Wasicheze chaji ikiwa imechomekwa. Si kwa uchawi wowote, ni joto tu, na betri za bei hii hazipendi joto juu ya joto la Kaskazi.

Na ile Brick Game ya baba yao: usiitupe. Nyingi hazijafa, zimeziba. Betri za AA zilizoachwa ndani kwa miaka hutoa majimaji yanayokauka kuwa unga mweupe au kijani kwenye springi. Toa betri, chovya kipamba cha sikio kwenye siki au ndimu kidogo, sugua mpaka chuma kiwe cheupe, kausha, kisha pitisha spiriti safi ya fundi. Tia betri mpya za alkalini. Ikitoa sauti lakini kioo kinakosa mistari, fungua skrubu za nyuma. Baina ya kioo na bodi mara nyingi kuna mpira mwembamba wa kupitisha umeme, umelegea. Usafishe kwa spiriti, urudishe ulivyokuwa, ukaze skrubu sawasawa pande zote. Ikiwa springi imekatika kabisa, nitumie picha ya ndani nione kama kuna mahali pa kuchomea nyingine.